Shariti Iko kwa Mabruka

Jumatano, 8 Novemba 1978. Nizwa.

Kesho napanda mlimani, kwenda Hadhba, kula Idd kwa shemeji yangu Turkiya. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Pia kumtazama mtoto wake mchanga. Mbeleko nimenunua, na halwa. Kila mtu ameniona mtu mwema.

Ukweli nauandika hapa tu. Nafuata kaseti.

Mwezi wa Aprili, kabla maradhi hayajamlaza, marehemu mke wangu Ghaniya alikaa na redio yetu ya kaseti akamsemea mdogo wake Turkiya salamu zake. Kuandika kulimchosha macho. Kabla hajaanza alinituma sokoni nikanunue vitunguu. Vitunguu vilikuwamo ndani, kikapu tele. Nikaenda. Niliporudi kaseti imekwisha fungwa kwenye kitambaa, amepewa mtu anayepanda mlimani. Mwezi wa Juni Ghaniya akafariki.

Sasa sauti yake inanitoka. Uso ninao. Mikono ninayo, na ile namna yake ya kupuliza chai hata ikiwa imekwisha poa. Lakini juzi nilikaa kimya nijaribu kumsikia akiniita, nikasikia redio ya jirani.

Kuomba siwezi. Mtu mzima, karani wa ghala, aombe mazungumzo ya wanawake? Turkiya ataona sina adabu. Kwa hiyo hila. Ninayo kaseti ya taarabu inayofanana na ile, rangi na karatasi. Nitaitafuta ile, nitabadilisha, nitashuka. Hata kuku hatajua.

Redio yetu nimeifunga kwenye shuka. Betri mpya.

Alhamisi, 9 Novemba. Hadhba.

Land Rover mpaka njia ilipokwisha, kisha punda. Punda alikuwa na subira kuliko mimi.

Baya zaidi, Nadhir naye amepanda. Ni binamu yao akina Ghaniya, mwalimu, amesoma Cairo. Kiarabu chake kimepigwa pasi. Nilipomshukuru mwenye punda kwa Kiarabu changu cha chuoni Unguja, Nadhir akanisahihisha mbele ya punda. Ati nasema na watu kama nasoma khutba. Nikamwambia bora khutba kuliko hotuba. Sijui nilikuwa na maana gani, lakini alinyamaza mpaka kona ya pili.

Hadhba ni nyumba zilizopandana migongoni, kama watu wanaochungulia ngoma. Baridi. Mikomamanga haina hata jani. Humoud, mume wa Turkiya, akatupokea kwa kahawa na tende. Mtu wa huku huku, mrefu, mpole. Kiswahili chake ni neno moja, "karibu", na hulitumia kwa kila kitu, hata kuaga.

Turkiya yumo katika arubaini yake. Hatoki, na mimi si wa kuingia. Akaniamkia kutoka nyuma ya pazia. "Shikamoo, shemeji. Mbona umekohoa? Umekuja bila sweta?"

Nikaligeukia pazia. Sauti ilikuwa kama nguo ya Ghaniya imevaliwa na mtu mwengine. Halafu mtoto akalia, naye akasema, "Ghaniya, nyamaza mama." Wamempa jina lake. Nikasema moshi wa kuni umeniingia machoni. Nadhir akasema hakuna moshi.

Baada ya chakula Humoud akanisogelea, akaniambia taratibu, kwa Kiarabu chao cha mlimani, kwamba Turkiya ana shariti kwa ajili yangu. Sisi kwetu tunasema sharti. Hawa wanavuta maneno kama wanavyovuta kamba ya kisima. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia.

Sharti gani? La nini? Amejuaje nilichofuata?

Ijumaa, 10 Novemba. Arafa.

Tumefunga. Watu husema njaa inanoa akili. Yangu imeikata.

Asubuhi nilimwuliza Humoud kwa kuzunguka. Hilo shariti, ni zito? Akacheka. Akasema dogo tu, lakini siku nitakayopewa nitafurahi na nitalia. Nikamwuliza, kwani linamhusu nani? Akanionyesha kwa kidole chumba cha juu, akasema shariti iko kwa Mabruka.

Mabruka ni dada yake Humoud. Mjane. Leo nimemwona akipandisha gunia la unga begani, akasimama njiani kumgombeza mbuzi wa jirani, akamgombeza mpaka akaridhika, na gunia hakulitua.

Nimefahamu yote. Kufurahi na kulia kwa siku moja ni ndoa, hakuna jengine. Wanataka kunioza Mabruka. Nikikubali, nitapewa kaseti. Nikikataa, niteremke na punda wangu. Nami nakumbuka kule Unguja mtu mmoja wa Malindi alikwenda kula pilau la Idd, akarudi na mke, na pilau lenyewe hakulishiba.

Nadhir angeweza kuniulizia vizuri. Bora niozwe.

Jioni Humoud akaja na salamu. Turkiya anasema nisogee kwenye pazia baada ya kufuturu, ana neno na mimi. Nikajibu kwamba nina udhu, nauchunga.

Jumamosi, 11 Novemba. Idd Mosi.

Takbiri tangu alfajiri, mlima mzima unaitikia. Mwaka jana wakati kama huu Ghaniya alikuwa akinifunga kilemba na kunilaumu kwamba kichwa changu kimebadilika umbo. Leo nimekifunga mwenyewe. Kimekaa upande.

Mpango wa leo: ugonjwa. Hakuna mtu mwenye akili anayemwoza dada yake kwa mgonjwa. Tulipotoka kwenye sala nikakohoa mfululizo, nikajishika kifua, nikamwambia Humoud kwa Kiarabu kwamba mimi ni dhaifu. Humoud akanikumbatia. Akasema kweli kabisa, na mwenye nyumba hana la kumfanyia ila kumtukuza. Akanimegea ini zima la mbuzi.

Nadhir alinieleza baadaye, bila kuulizwa, huku anatafuna. Jinsi nilivyolitamka, nimesema mimi ni mgeni. "Dhaifu na dhaifu si mamoja, shemeji," alisema. "Ipo herufi ain katikati, wewe umeimeza."

Kikohozi chenyewe kikafika chumba cha juu. Mabruka akashuka na bakuli: samli ya moto, asali na kitu cheusi. Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Kisha akatoa hukumu, Nadhir akaitafsiri kwa raha zake zote. Ati mwanamume anayekaa kwenye baridi kifua wazi, inaonekana hana mtu wa kumwambia.

Hana, kweli.

Asali yao ni nzuri. Kifua kimefunguka. Mpango umekufa.

Turkiya ameita tena. Nimetuma jibu kwamba sauti imenikauka.

Jumapili, 12 Novemba. Idd Pili.

Mpango mpya. Watu wa Hadhba ni watu wa dini na ukimya. Basi mimi niwe mpuuzi. Baada ya adhuhuri nikapanda darini na redio, nikatia ile kaseti ya taarabu, nikafungua mpaka mwisho. Nikatikisa na mabega.

Kwanza wakatokea wanawake kwenye dari za jirani, mmoja mmoja, wakajifanya wanaanua nguo. Halafu mzee mwenye fimbo akaja moja kwa moja kwangu. Nikafurahi, nikajua nafukuzwa. Akainama, akatega sikio, akauliza kama haiwezi kupanda zaidi, kwa kuwa yeye sikio la kulia halisikii.

Mabruka alikaa pembeni ya dari, amenyoosha miguu. Sauti ya mwimbaji ilipopanda nikamwona anafuta uso kwa ncha ya shela. Nadhir akasema mumewe wa kwanza alikuwa Kuwait, na mara ile moja aliyorudi alirudi na redio. Aliyekuja baadaye ni yule mtu wa kuleta habari ya msiba, na redio hakuja nayo tena. Nikaona haya. Nilitaka kumtisha mjane mwenzangu, nimemliza. Sikuwa na moyo wa kuzima. Nikageuza upande wa pili, nikarudia wa kwanza, mpaka Magharibi, mpaka mwimbaji akaanza kusinzia.

Turkiya ameita mara ya tatu. Humoud akaongeza: ukija, njoo na redio yako. Nimefahamu. Hata redio inatakiwa, iwe mahari.

Jumatatu, 13 Novemba. Idd Tatu.

Leo wamefukua shuwa, ile nyama inayofungwa kwa majani na kuzikwa na makaa tangu juzi. Mji mzima shimoni, kila nyumba inatafuta mfuko wake. Nikaona mahali pa kusema ni hapa, mbele ya mashahidi. Nilikuwa nimekwisha panga sentensi yangu na kuirudia mara nyingi mbele ya mbuzi.

Nikamshika Humoud mkono. Nikasema kwa Kiarabu kwamba nawaheshimu wote, na Mabruka namheshimu zaidi, lakini hiyo shariti siitaki. Wampe mtu mwengine.

Humoud akaduwaa na mfuko wa nyama mkononi. Watu wakaacha kufukua. Akasema kitu kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeumia. Nadhir akafumba macho.

"Shemeji, Humoud anauliza marehemu amekukosea nini hata umkatae sauti yake."

Nikasema sijamkataa Ghaniya, nimekataa sharti.

"Sharti ni sharti," akasema Nadhir. "Shariti ni kaseti. Tepu. Ghaniya alimletea Turkiya, na hapa hakuna mashine ya kuisikilizia. Imewekwa kwenye sanduku la Mabruka watoto wasiichezee. Wanakungoja wewe na redio yako. Tangu Ijumaa Turkiya anakuita, nawe mara udhu, mara sauti. Ulidhani nini?"

Nikasema kweli, kwamba nilidhani naozwa. Nadhir akamtafsiria Mabruka bila haya hata chembe. Mabruka alicheka mpaka akakaa chini kwenye jivu. Akasema amekwisha lilia waume wawili juu ya mlima huu. Wa tatu akimjia, kwanza ataangalia magoti yake, na ya kwangu amekwisha yaona nilivyoshuka kwa punda.

Akainuka, akaenda kuileta mwenyewe. Ilikuwa bado kwenye kitambaa. Fundo ni lake Ghaniya, lile la kupinda mara mbili.

Tukakaa, Turkiya ndani, mimi nje, redio chini ya pazia katikati. Nikamwuliza kwa nini hakuipeleka hata kwa jirani wa bondeni mwenye mashine. Akasema, "Peke yangu nisingeweza, shemeji. Nilikungoja."

Nikabonyeza.

Kikohozi. Kikombe kinawekwa mezani. Halafu yeye.

"Turkiya, hujambo mdogo wangu? Nimemtuma Thabit vitunguu. Vitunguu tunavyo, lakini nikimwambia toka tu, atasimama dirishani. Mtu mwema, maskini. Ila ukimfungulia mlango, yeye atapita dirishani tu."

Turkiya akacheka, kisha kicheko kikageuka. Mimi niliweka kiganja juu ya redio, kama mtu anayepima homa.

"Sasa nisikilize, nina mambo ya kukwambia. Na usinikatize."

Hapo sauti ikaanza kushuka. Ikawa ya mwanamume. Ikawa ya ng'ombe. Betri. Nimezimaliza darini, kwa taarabu.

"Zima," akasema Turkiya. "Zima, shemeji. Usimchoshe."

Akanipa amana. Niichukue, niteremke nayo, niitie betri mpya Nizwa, nisikilize, kisha nimrudishie kwa mkono wa Humoud pamoja na redio. Akanisihi nisiiguse kabla ya hapo. Nikasema sitaigusa.

Jumanne, 14 Novemba.

Nimeigusa.

Sikuweza kungoja. Alisema ana mambo ya kusema. Kwetu Unguja betri zikichoka tulizianika juani, na zikaimba tena. Hapa jua la asubuhi halina kazi, lakini makaa ya shimoni yalikuwa bado na uhai. Nikazipasha pembeni, nikazigeuza kama mihogo. Nikaenda nyuma ya zizi la mbuzi, nikajifunika shuka na redio nisisikiwe, nikabonyeza kwa kupapasa. Vidole vimekufa ganzi.

Ikazunguka. Nilisikia inazunguka. Sauti hakuna. Nikasema, "Sema basi." Nikaitikisa. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Inazunguka, kimya. Nikaona labda inataka kupata moto kwanza. Nikaiacha ndani ya shuka, nikaenda kunywa kahawa.

Niliporudi imekwisha simama yenyewe. Nikaifunga. Sikumwambia mtu.

Wakati wa kuaga Turkiya akasema nyuma ya pazia, "Mchunge, shemeji." Humoud akaniambia karibu. Mabruka akanipa chupa ya asali na akamwagiza mwenye punda anishike kiuno kwenye miteremko.

Alhamisi, 16 Novemba. Nizwa.

Betri mpya. Milango nimefunga, utepe nimeurudisha nyuma.

"Na usinikatize."

Mlio mdogo, tak. Halafu sauti nyembamba ya mtoto, anasema sema basi. Nikashangaa, mtoto gani huyu. Mimi. Redio ilikuwa ikizunguka polepole, sasa inanikimbiza. Halafu kikohozi changu, kama cha paka. Halafu mbuzi, nao wanalia kama ndege. Upepo. Mbuzi.

Chini ya shuka nilibonyeza na kile kitufe chekundu, cha kunasia sauti mpya juu ya ile ya zamani.

Nilikaa nikasikiliza mbuzi wa Hadhba mpaka chai ikapoa. Sikutaka kupeleka mbele, labda ametokea mahali kidogo, katikati, nisije nikamruka. Hakutokea. Mwisho kabisa, utepe umebaki ncha, akarudi.

"Haya, mdogo wangu, hapo nimekwambia yote. Nimechoka, nitajinyoosha kidogo. Huyo Thabit namsikia kibarazani."

Basi. Mashine ikasimama.

Nimeisikiliza ncha hiyo siku nzima. Kazini nimetuma neno kwamba naumwa. Safari hii si hila.

Ijumaa, 24 Novemba.

Baada ya sala Nadhir akaja. Alikuwa Hadhba, na kesho anapanda tena. Ana salamu za Turkiya. Mtoto hajambo. Nisihangaike kurudisha kaseti, nikae nayo, mimi ndiye mwenye mashine na mwenye nyumba tupu. Anataka kitu kimoja tu. Niyaandike yale dada yake aliyosema baada ya "usinikatize", Nadhir akamsomee. Neno kwa neno, amesema. Tangu siku ile halali vizuri, anawaza ni mambo gani.

Nilitaka kusema kweli. Naandika hapa, wallahi nilitaka. Nilifungua kinywa nikaanza, "Nadhir, ile shariti..." Akanyanyua kidole. Akasema herufi ya mwisho ni twa nzito, shemeji, ulimi juu, si ti ya titi.

Nikafunga kinywa. Nikamwambia aje kuchukua baada ya Alasiri.

Nikakaa. Kwanza hakuna kitu. Kisha nikaandika kwamba akijifungua asinyanyue maji mpaka arubaini ishe. Nikajua hivyo angesema. Nikaandika habari ya soksi za sufu, na uwatu wa kunywa asubuhi, na kwamba mume mpole asimzoee vibaya. Mkono ukaenda wenyewe. Nikaandika ile siku ya kwanza ya shule, Turkiya alipogoma kuvuka barabara na Ghaniya akambeba mgongoni hali wote wawili wadogo. Aliwahi kunihadithia, ilikuwa mvua. Nikaandika kwamba anasikitika hakupata kupanda kumwona, kwamba mlima haukuwa mbali hivyo, ni uvivu tu wa kudhani kuna kesho. Hapo nikasita. Hilo si lake, ni langu. Nikaliacha lilivyo.

Nami nilikuwa namsikia. Kila neno, kwa sauti yake, pamoja na kupuliza chai.

Chini palibaki nafasi ya mistari miwili. Haikuwa vizuri kuiacha wazi. Nikaongeza kwamba Thabit ni mume wa kupigiwa mfano, mtu mnyoofu, hajui hila.

Nikaisoma tena. Neno "mnyoofu" nikalifuta, Turkiya asije akashuku.